Polepole, Nyaguthii

Nilikuwa nimetoka dukani kununua maziwa, hapa Kiplombe, jua likizama. Nikamkuta Nyaguthii amesimama mlangoni kwangu.

Nusura niangushe maziwa kwa furaha. Alikuwa amelazwa hospitalini kwa muda mrefu, mapafu yakimsumbua, hata gitaa lake nilikuwa nimemhifadhia.

"Wamekuruhusu?"

"Nimetoka, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Tumalize ile solo. Harusi ya Munene imekaribia."

Munene ni kaka yake. Nyaguthii alimwahidi kumpigia gitaa la solo kanisani, lakini kipande kimoja kilimshinda, pale noti zinaposhuka mbio kutoka uzi wa kwanza hadi wa mwisho. Vidole vilijikwaa kila mara. Mimi humwambia kila mwanafunzi kwamba mwendo hauji kwa nguvu. Piga polepole mpaka mikono yote miwili ielewane, ndipo uongeze kidogo.

Tukaingia, nikampa gitaa lake, nikaweka simu igonge mapigo. Tik... tik... tik...

Alipiga bila kosa. Nikaongeza mwendo. Bado hakukosea. Nikaongeza tena.

Harufu ya dawa ya hospitali ikajaa chumbani. Nilishika kidole chake kukirekebisha, nikakiachilia haraka. Kilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje.

"Munene atafurahi sana," nikasema.

"Munene ni nani?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Mapigo yakakatika. Simu ilikuwa inaita. Ni Wangeci, mama yake.

"Mwalimu Sifuna..." Alikuwa anahema. "Nyaguthii ametuacha. Niko naye hapa wodini. Nimemfumba macho saa hii."

Nyaguthii alikuwa mbele yangu, akipiga gitaa.

Nilitaka kukimbia. Nikageukia ukuta, nikanong'ona, "Mama, kuja kwangu. Usiulize kitu. Kuja sasa hivi."

"Ongeza mwendo, mwalimu," Nyaguthii akasema nyuma yangu.

Ndipo nikaelewa. Kila nilipoongeza mwendo, kitu kilikuwa kinamtoka. Munene alikuwa ameshamtoka akilini. Sikujua ni nani angefuata, lakini mama yake alikuwa njiani.

Nikarudisha mapigo chini kabisa.

"Umeteleza," nikamwambia. "Rudi mwanzo."

Hakuwa ameteleza. Lakini alikuwa mwanafunzi mtiifu, akarudi.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Wangeci."

"Vizuri. Rudia. Polepole."

Tik... tik... tik...

Alirudia, akarudia tena. Kisha vidole vyake vikaanza kuyatangulia mapigo. Kidogo kwanza. Halafu sana.

"Polepole, Nyaguthii!"

"Nimechoka na polepole, mwalimu." Alikuwa analia. "Niachilie nimalize."

"Mama yako anaitwa nani?"

Alifungua mdomo. Akaufunga.

Bodaboda ikasimama nje. Wangeci alisikia gitaa kabla hajafika mlangoni, na mkono ule aliujua.

"Nyaguthii! Nyaguthii, ni mama!"

Vidole vikatulia. Akaniinulia uso.

"Ni nani huyo analia?"

Nikainuka kufungua mlango.

"Usifungue," Wangeci akasema, sauti yake imepasuka. "Nikimwona sitamwachilia." Nikasikia mwili wake ukiteleza kwenye ubao wa mlango hadi chini. "Mwache apige."

Nikazima mapigo.

Akapiga. Kipande chote, kwa mwendo wake wote, kila noti imesimama peke yake, safi. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kusikia mkono kama ule. Nilifumba macho kwa sababu ya machozi, na nilipoyafumbua gitaa lilikuwa juu ya kiti, nyuzi bado zinatetemeka.

Wangeci akaingia. Akakigusa kiti.

"Hakunijua."

"Mama..."

"Wewe alikujua?"

Sikuweza kumdanganya. "Aliniita mwalimu."

"Na ni mimi nilimzaa," akasema.

Baada ya mazishi, Wangeci hutoka kwake Kapsoya baadhi ya jioni, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wangu. Haingii. Huniuliza tu, "Amekuja?"

"Hajakuja, mama."

Hukaa mpaka giza, kisha huenda.

Kuna jambo sijamwambia. Wiki iliyopita, jioni ambayo yeye hakuwepo, nilikuwa naepua chai nikasikia harufu ile ya dawa. Nikageuka. Nyaguthii alikuwa mlangoni. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinacheza hewani, upesi kuliko macho yangu yalivyoweza kuvifuata. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Samahani," akanong'ona. "Hapa ni kwa nani?"