Mwigaji wa Chumba cha Nyuma

Lilianza gauni la muuguzi. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, mgongo kaupa mlango, akamsikia muuguzi akisema pale kizingitini, "Lifupishe, fundi. Liishie magotini." Akaitikia bila kugeuka, akashika mkasi. Jioni muuguzi alipokuja kulichukua, alilitazama gauni, kisha akamtazama fundi.

"Nilikwambia lifike vifundoni."

"Si ulipita asubuhi ukabadili?"

"Asubuhi nilikuwa wodini. Kama umechoka, sema."

Fundi alidhani kweli ni uchovu. Lakini wiki ile ile mumewe, mwalimu, mtu mpole ambaye hata chaki ikimvunjikia huiomba radhi, alikosana na jirani wa miaka kumi. Jirani aliapa amemsikia akimtukana nyuma ya ukuta. Haijapoa hiyo, mama mkwe akaanza kufunga mizigo.

"Nimekusikia, mwanangu," alimwambia fundi, sauti hakuipandisha. "Umesema huko jikoni kwamba mimi ni mzigo. Basi mzigo wenye akili hujitua wenyewe."

"Mama, jikoni sijaingia tangu asubuhi."

"Kwani sauti yako siijui?"

Mwalimu alikuwa hapo hapo sebuleni, adhuhuri, jua limejaa dirishani. Kabla hajafungua mdomo kuwasuluhisha, kutoka chumba cha nyuma, ambako hakukuwa na mtu, ikaja sauti ya mama yake, taratibu, kama ya mtu anayetafuta kitu uvunguni: "Mwanangu, mke huyu ulimtoa wapi?"

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba ni yeye aliyesema. Ikafuata harufu ya nguo mbichi iliyounguzwa na pasi, na pasi yenyewe ilikuwa kabatini, imepoa.

Kesho yake mchana akaja mganga, mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Alizunguka vyumba vyote asiguse kitu.

"Jini huyu hana sauti yake mwenyewe," alinong'ona. "Huiga za watu, na chakula chake ni majibu. Leo ataita sana. Msimjibu mpaka jua lizame, aseme atakalosema. Akikosa jibu ataondoka."

Wakaketi wamekamatana mikono. Ikaja sauti ya muuguzi ikidai gauni, ikaja ya jirani ikimwita mwalimu mnafiki, kisha zikaja sauti zao wenyewe, mke na mume, zikigombana kule nyuma kwa maneno ambayo hawakuwahi kuambiana lakini kila mmoja aliwahi kuyafikiri, na harufu ile ikawa nzito hadi macho yakawachoza, wala hakuna aliyejibu.

Kukawa kimya. Mganga akatazama dirishani. Jua lilikuwa limebaki upana wa kidole.

"Baba."

Ilikuwa sauti ya binti yao wa pekee, waliyemzika mwaka juzi, akiwa na miaka sita.

"Baba, huku kuna giza. Mbona huniitikii?"

Fundi aliung'ata upindo wa kanga yake. Alihisi mkono wa mumewe ukilegea ndani ya wake, akaubana kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa, akamsihi kwa macho. Tangu siku ya mazishi mwalimu hakuwahi kulitaja jina la mtoto yule, wala kulia mbele ya mtu.

"Naam, mwanangu," alisema. "Baba yupo."

Mganga alifumba macho. Kisha akainuka, akavaa viatu.

"Amekaribishwa na mwenye nyumba," alimwambia fundi mlangoni. "Mimi sina tena la kufanya."

Fujo zilikoma. Jirani amerudi kuwajulia hali, na wateja hawalalamiki tena. Mama mkwe alihamia kwa mwanawe mwingine, hakuaga. Fundi naye amehamishia cherehani kibarazani. Kila alasiri mwalimu hutoka kazini, huingia chumba cha nyuma na kujifungia, na hata fundi akiikanyaga cherehani kwa nguvu asisikie, husikia sauti mbili zikizungumza kwa upole, halafu kicheko kidogo. Siku mwalimu akichelewa, mlango wa chumba hicho hufunguka wenyewe.

"Mama, na wewe njoo."

Bado hajajibu.