Gumato Atumwa Kuitazama Mombasa

Asubuhi hiyo Gumato alikuwa akifukiza mitungi ya maziwa kwa moshi, nje ya nyumba yao pembeni mwa mji wa Wajir. Mumewe, Dida, alikuja mbio na kumwekea simu mbele ya pua.

"Mama Tuye, tazama! Upepo wa Mombasa!"

Gumato akatazama. Binamu yao Kerrow alikuwa amesimama kando ya bahari, akicheka. Shati lake lilipepea kama linataka kumkimbia.

"Nimeona. Sasa ngamia wetu watakunywa upepo?"

"Ngamia hawaendi. Tunauza. Mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi kuwachukua wote kumi na mmoja. Halafu tunahamia Mombasa."

Gumato akaweka mtungi chini. Ngamia hao kumi na mmoja ndio waliobakizwa na ukame. Maziwa yao ndiyo yaliyomsomesha binti yao Tuye mpaka akamaliza kidato cha nne.

Dida hakuwa mjinga. Ukame ulikuwa umemchosha. Tena Tuye alitaka kusomea ufundi wa friji, na chuo alichokubaliwa kilikuwa Mombasa.

"Kule maji yanatoka ukutani," Dida akasema. "Kazi iko bandarini. Upepo bure. Kerrow amesema."

Wakati huo jirani yao, Sista Kagendo, alifika kuchukua lita yake ya maziwa. Kagendo ni muuguzi kutoka Meru. Kabla ya kuletwa Wajir, alifanya kazi Mombasa miaka sita.

"Sista, mwambie huyu mwanamke!" Dida akasema. "Mombasa si ni kuzuri?"

"Ni kuzuri. Na ni kubaya pia," Kagendo akajibu. "Hebu nikuulize, Mzee Dida. Malisho yakiisha hapa, unahama vipi?"

Dida akajinyoosha. Swali hilo alilipenda.

"Kuhama kuna utaratibu. Kwanza natuma mtu atangulie. Anatazama nyasi. Anaonja maji, maana maji mengine huharisha mifugo. Anauliza kuna ugonjwa gani na nani amekaa karibu. Akirudi na habari, ndipo tunafunga mizigo. Anayehamisha ngamia kwa kusikia tu, huyo ni mwendawazimu."

"Vizuri. Na Mombasa umemtuma nani?"

Dida akaitazama simu. Kerrow bado alikuwa anapulizwa na upepo. Tuye, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alijifunika mtandio usoni, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Video ni ya dakika moja," Kagendo akasema. "Nyumba mtakaa miaka. Mtu aende akae siku kumi. Ateke maji yao. Alale kwenye joto lao. Aulize wanaoishi pale, hasa wanawake. Na usiuze usichoweza kukirudisha kabla hujapata habari kamili."

"Wallahi umesema kweli. Nitakwenda mimi," Dida akasema.

"Wewe?" Gumato akacheka. "Utakaa ufukweni siku kumi upulizwe! Maji ya nyumba hii huyateka nani? Kuni hutafuta nani? Nakwenda mimi."

Tangu ukoo ule uanze kuhama, hakuna mwanamke aliyewahi kutumwa kuona malisho. Dida akakuna ndevu.

"Basi nenda. Na maji uyaonje."

Gumato alisafiri kwa basi siku mbili. Alifikia kwa Kerrow na mkewe, Ramla. Jambo la kwanza aliomba kuiona bahari.

"Bahari?" Ramla akacheka. "Sisi huiona tukipata mgeni."

Nyumba yao ilikuwa mbali na ufuko, katikati ya nyumba nyingine zilizobanana. Upepo haukufika. Gumato alitoka jasho hata akiwa amekaa. Bomba lilitoa maji mara mbili kwa wiki. Siku nyingine walinunua kwa mitungi, au walitumia maji ya kisima. Gumato aliyaonja ya kisima, akatema. Chumvi tupu! Kerrow naye alikuwa kibarua bandarini. Siku ambayo hakuitwa, saa nne asubuhi alikuwa amesharudi nyumbani.

"Basi twende wote Wajir," Gumato akamtania Ramla.

Ramla hakucheka. Akamwonyesha mtoto aliyempakata.

"Huyu alikwama tumboni. Nilifika hospitali kubwa kabla chai yangu haijapoa. Ningekuwa kule malishoni, ningefika wapi?"

Gumato akampokea mtoto. Alikuwa anawajua wanawake waliofia njiani.

Siku ya nane alikwenda chuoni. Aliwaona wasichana ndani ya karakana, mikono imejaa grisi, wakifungua mashine. Alisimama dirishani mpaka mlinzi akamletea kiti.

Aliporudi Wajir, Dida alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Aliyetoka kuona malisho huhudumiwa hivyo.

"Toa habari."

Gumato alitoa zote, nzuri na mbaya. Hakuficha hata moja.

"Sasa ni kuzuri au ni kubaya?" Dida akauliza.

"Kwa Tuye ni kuzuri. Chuo nimekiona, na Ramla atampa kitanda. Kwetu sisi wawili ni kubaya. Wewe utakuwa kibarua mwenye mvi, unasubiri jina lako liitwe. Na mimi muuza maziwa nitanunua ya pakiti."

Dida akamaliza chai yake.

"Habari imefika," akasema.

Mwisho wa mwezi mnunuzi alikuja na lori. Dida alimuuzia dume mmoja tu, kwa karo ya Tuye.

"Na hawa wengine?" mnunuzi akauliza.

"Hawa wengine wana kazi."

Leo Tuye yuko muhula wa pili. Analalamika juu ya joto, na masomo anayapenda. Mvua ilipokuja, ngamia wanne walizaa, na Gumato akapata wateja wapya wawili sokoni.

Juzi Kerrow alipiga simu. Alitaka kununua ngamia jike mmoja, alishwe pamoja na wa Gumato.

"Mwambie aje amchague mwenyewe," Gumato akamwambia Dida. "Na aje mwezi wa Februari, jua likiwa kali. Asije akasema tulimficha hali ya huku."