Nusu Saa Kutoka Bangkok

Modeste alipiga simu kutoka Bangkok kusema anaingia ndege ya Singapore. Mkewe Rolande, aliyekuwa akiuza tiketi za ndege katika duka dogo ughaibuni, huko Schaerbeek, alimtakia safari njema akamrudia mteja wake. Mteja hajamaliza kulalamikia bei, simu ikalia tena.

"Maman Ornella, nimeshafika Singapore."

Sauti ilikuwa ya Modeste kabisa. Rolande akatazama saa ya ukutani. Nusu saa haijatimia, na safari hiyo ni ya zaidi ya saa mbili.

"Singapore gani? Ni mille quatre cents kilomètres! Ndege inafanya deux heures vingt, mimi niko nauzisha iyo tiketi kila siku!"

Simu ikakatika. Kipokezi kilinuka nywele zilizoungua, Rolande akakifuta kwa leso huku amenuna. Hofu haikumjia. Kilichomjia ni wivu, maana mume anayedanganya mahali alipo, bila shaka hayupo peke yake.

Modeste akarudi Jumapili na marobota yake ya nguo za biashara, macho mekundu kwa uchovu.

"Ulinipigia toka Singapore?" Rolande akamdaka hata koti hajavua.

"Hapana. Nilikupigia Bangkok, ile moja tu."

"Nilisikia sauti yako, Modeste."

"Bon, basi haikukuwa mimi."

Jibu hilo lilimkaa vibaya moyoni. Akaanza kumchunguza anavyokunywa chai, anavyosimama ukumbini kama mgeni, na kila Modeste alipokuwa bafuni maji yakimwagika simu ililia, na Rolande akiipokea ile harufu ilitangulia, kisha sauti ya mume wake, ya mume huyohuyo aliyekuwa akikohoa nyuma ya mlango, ikamuuliza polepole, kwa huruma nyingi, "Uyo uko naye mu nyumba ni nani?"

Hapo akamwendea Maman Mbombo, kiongozi wa kikundi chao cha maombi, mama wa Bukavu asiyejua kusitasita.

"Muntu ya mwili hawezi kuruka ivyo," alisema Maman Mbombo. "Donc ile yenye ilifika mbele ya ndege ndiyo iliingia kwako. Na pepo ya nyumba, mugeni haifukuze. Mwenye nyumba anaikana ku mulango, mbele ya batu."

"Na kama ni yeye?" Rolande alinong'ona.

"Alors, kama uko na hakika, acha mutoto alale naye."

Rolande aliogopa kwa ajili ya binti yao Ornella kuliko alivyompenda Modeste, na huo ndio ukweli. Akina mama wa maombi wakajipanga ukumbini, naye akamsimamisha mumewe mlangoni.

"Sikujui. Wewe si bwana yangu. Toka."

Modeste alicheka kidogo, akadhani ni mzaha. Kisha akawatazama akina mama waliojipanga. "Rolande, ni mimi."

"Sikujui!"

Akashuka ngazi bila koti, kwenye mvua, akilia waziwazi. Ornella akakimbilia dirishani. Akina mama wakaimba kwa furaha, na wimbo haujaisha mlango ukagongwa.

Rolande akafungua upesi. Alikuwa ameshaanza kujuta na neno la kuomba msamaha lilikuwa mdomoni. Modeste alisimama pale na sanduku mkononi, suti kavu, akitabasamu.

"Asante, Maman Ornella," alisema akiingia. "Nilikuwa nangoja tu useme."

"Maman!" Ornella akaita kutoka dirishani, bila kugeuka. "Papa angali kule chini, ku kituo ya tram. Iko analia."