Nati Iliyolika Pembe

Kila jioni saa kumi na mbili, baba yake Wankyo aliaga na kwenda lindo katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda mjini. Wankyo, msichana wa miaka kumi na miwili, alibaki peke yake nyumbani kwao Guta. Alifungia kuku, akasonga ugali, akala. Ugali ulibaki kila siku, kwa sababu mikono yake ilizoea kusonga wa watu watatu.

Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini Musoma, mwezi wa pili sasa, baada ya kuvunjika mguu shambani. Nyumba bila mama ilikuwa kimya mno. Wankyo alijaribu kuongea na kuku, lakini kuku nao hulala mapema. Siku nyingine alilia, kisha akanawa uso tu, maana hapakuwa na wa kumwuliza analilia nini.

Uani ilisimama pikapu kuukuu ya baba. Umeme wa betri yake ulivuja mahali ambapo hakuna fundi aliyewahi kupaona. Kwa hiyo baba, kila alipoiegesha, alifungua boneti, akalegeza nati kwa spana namba kumi, akachomoa waya wa betri. Spana hiyo aliifunga pamoja na ufunguo wa gari, akatembea nayo mfukoni.

"Betri si kitu cha watoto," alimwonya Wankyo. "Usiiguse."

Lakini gari lilikuwa na redio, na redio hiyo haikuhitaji ufunguo. Jioni moja, upweke ulipomzidi, Wankyo alifungua boneti, akarudisha waya na kukaza nati kwa plaizi ya kukatia waya wa uzio. Watu wakaanza kuongea na kucheka redioni, na kwa nusu saa alijiona yuko pamoja nao. Kisha akachomoa waya, akaingia kulala. Alifanya hivyo kila jioni kwa wiki tatu.

Plaizi si spana. Spana hukumbatia nati, plaizi huing'ata. Jumamosi jioni plaizi iliteleza, ikateleza tena. Nati ilikuwa imelika pembe zote sita, imebaki mviringo. Haikukaza wala haikulegea. Wankyo aliutoa waya kwa kuuvuta huku na huku, akapaka grisi juu ya nati ili isionekane.

Aliogopa sana, kwa sababu kesho yake walikuwa wamlete mama. Mguu wenye plasta kuanzia pajani usingekunjika kwenye kiti cha basi. Walitegemea pikapu hiyo, na godoro nyuma.

Asubuhi baba alirudi, akapakia godoro, akarudisha waya. Spana ikazunguka bure. Alipojaribu kuwasha, gari lilisema "tik" likanyamaza. Alifuta grisi, akaiona nati, uso ukambadilika. Akampigia simu Bonifasi, fundi jirani, aliyewawekea betri mwezi uliopita.

Bonifasi alifika na baiskeli, amevaa shati jeupe la kanisani.

"Fundi, umeniharibia nati," baba alisema hata kabla ya salamu. "Zaidi yangu ni wewe tu uliyeigusa. Kuanzia leo usiguse gari langu, na majirani wote nitawaambia kazi yako ilivyo."

Bonifasi aliinama, akaitazama. "Baba Wankyo, hii imeng'atwa na plaizi. Mimi miaka yote natumiaga spana."

"Kwa hiyo imejing'ata yenyewe?"

 Bonifasi alianza kuufunga mfuko wake wa vifaa kwenye baiskeli. Huyu ndiye aliyepita karibu kila siku na kuuliza juu ya uzio, "Wankyo, umekula?" Wankyo aliona anaondoka na kosa lisilo lake, na mama anabaki Musoma.

"Baba, ni mimi!" alisema. "Nilikuwaga nasikiliza redio ukishaenda lindo. Nyumba inaniogopesha. Siyo fundi."

"Na hii grisi?"

"Nilipaka nifiche."

Baba akamgeukia Bonifasi. "Fundi, nisamehe. Nimekutukana bure."

"Leta maji ya moto," Bonifasi alijibu tu, akifungua tena mfuko.

"Huwezi kuchomeka msumari ubane waya, tukaenda hivyo?" baba aliuliza.

"Pikapu itawaka. Halafu itawazimikia njiani na mgonjwa nyuma."

Aliosha unga wa kijani wa kutu ulioizunguka boliti ya nati hiyo, akadondosha oili, akasubiri. Wankyo alifunika betri kwa kitambaa, chembe za chuma zisiiangukie. Kisha fundi akachukua tupa, akaanza kuisugua nati upande mmoja, halafu upande unaotazamana nao.

"Nati ikishalika usiing'ang'anie, utaimaliza," alimwambia Wankyo. "Itengenezee pande mpya za kushikia."

Alisugua mpaka spana namba tisa ikaingia sawasawa. Akaivuta taratibu, nati ikalia, ikazunguka. Akafunga nati mpya kutoka kwenye mfuko wake. Shati lake lilikuwa na doa jeusi kifuani. "Leo kanisani watajua nimetoka kazini," alisema, nao wakacheka kidogo.

Walifika Musoma saa tano. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na magongo yake, macho langoni. "Nilidhani mmenisahau," alisema.

Baba alimtazama Wankyo. Wankyo akasimulia yote mwenyewe, hata grisi.

"Ulifanya kosa kugusa ulichokatazwa," mama alisema. "Kuficha ni kosa kubwa zaidi, maana mtu mwema karibu abebe aibu yako. Lakini kila nilipopiga simu nikakuuliza unaendeleaje, ulijibu uko vizuri. Huo nao ulikuwa uongo, mwanangu. Tatizo liseme likiwa dogo, wakati watu bado wana pa kulishikia."

"Nilikuwa mpweke, mama," Wankyo alisema, machozi yakimtoka.

Mama alimvuta akamkalisha kando ya mguu wenye plasta. "Hata mimi," alisema. "Na mimi nilikudanganya kwamba nalala vizuri."