Sindano Haiinuliwi

Fundi redio alikuwa na wateja wa wiki nzima, lakini marafiki zake walikuwa wa Jumapili. Ikigonga saa kumi alasiri, walikusanyika kwenye karakana yake, kila mmoja na santuri moja kwapani: Dereva, mstaafu wa malori aliyependa roki ya magitaa yanayonguruma, Nesi, mwanamke wa cheko kubwa ambaye muziki wa bluzi ulimtoa machozi hata akiwa na furaha, na Mwalimu, aliyewatungia sheria. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Sindano ikishatua haiinuliwi, na hakuna kusema mpaka upande uishe. Siku moja Dereva alipokea simu wimbo ukiendelea, Mwalimu akamnunia mwezi mzima.

Sasa Mwalimu alikuwa amefariki, kwa kikohozi kile kile walichokuwa wakimtania nacho. Jumapili hiyo mjane wake alileta boksi la santuri zake. "Mgawane," alisema, akaondoka bila hata kuketi.

Chini kabisa ya boksi kulikuwa na santuri isiyo na jina wala picha. Juu ya mfuko wake, kwa penseli, kwa mwandiko wa Mwalimu, paliandikwa: "Hii isipigwe mpaka mwisho."

Dereva alicheka hadi akashika mbavu. "Mzee huyu hata kaburini anatutania! Si yeye aliyetukataza kukata nyimbo?"

Fundi naye alicheka, akaitua sindano. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani hukumbuka methali akiwa anacheka?

Ilianza vizuri. Gitaa moja, taratibu, na sauti nzito ya mwanamume ambaye hakuna aliyemtambua. Nesi alifumba macho. Fundi, kwa jicho la kazi, aliona kwamba santuri ni laini mno, ya kuchongwa kwa mkono. Sindano ilipopita iliacha njia ya kijivu, na mbele yake santuri iling'aa kama lami mbichi. Alisikitika kuiona ikiharibika, ila sheria ni msumeno.

Katika wimbo wa pili alisikia cherehani. Hakushtuka. Mkewe alikuwa mshonaji, na pazia tu ndilo lililotenganisha vyumba vyao vya kazi. Mkanda wa cherehani ile ulilia kila mzunguko wa nne, na Fundi alikuwa ameahidi kuubadilisha tangu mwaka juzi. Mganga hajigangi.

Kisha akatambua kwamba mlio unatoka kwenye spika ya kushoto.

Akageukia pazia. Huko nyuma pia cherehani ililia. Mlio mmoja, mahali pawili, kwa wakati mmoja.

Ndani ya spika mtu akakohoa. Mara tatu.

"Shemeji," sauti ya Mwalimu ikasema. "Hebu njoo mara moja."

Cherehani ya kwenye spika ikanyamaza. Ya nyuma ya pazia nayo ikanyamaza.

"Nakuja," mkewe akaitika. Aliitika ndani ya spika.

Zikafuata nyayo za miguu mitupu, zikisogea. Gitaa bado lilipigwa.

"Inua," Nesi alinong'ona.

Fundi aliupeleka mkono juu ya sindano. Tangu waanze kukutana, hakuna mkono uliowahi kuiinua mbele ya Mwalimu. Kwenye spika komeo la mlango wa uani likavutwa.

Akainua.

Nyuma ya pazia alikuta kiti, kitambaa kilichoshonwa nusu, na ndala za mkewe chini ya cherehani. Mke mwenyewe alikuwa kwenye mlango wa uani, mguu mmoja umekwisha kutoka, akiutazama ua mtupu.

"Mwalimu alikuwa ananiita," alisema. "Mbona amenyamaza?"

Mkono wake ulikuwa wa baridi kama chuma.

Dereva alitaka kuivunja santuri ile pale pale. Nesi akamshika. "Sauti ya mama wa watu imo humo. Ukivunja, unajua unavunja nini?"

Hakuna aliyejua. Fundi akaifungia kwenye kabati la chuma. Sehemu iliyobaki iking'aa, isiyopitiwa na sindano, ilikuwa na upana wa kidole kimoja.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja. Saa kumi cherehani ilinyamaza, na Fundi alimwahi mkewe akiwa ameshika komeo. Alipomtuliza alikwenda kufungua kabati. Sehemu iliyong'aa ilibaki upana wa nusu kidole. Mashine ya santuri ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme wiki nzima.

Basi Fundi aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alikuwa amezeeka na mwanamke huyu, akisikia kila alasiri mkanda ule ukilia, na sasa aliona kwamba mlio huo ndio uliokuwa maisha yake. Jumatatu aliubadilisha mkanda, kana kwamba kosa lilikuwa la mkanda.

Jumapili ya tatu alifunga milango yote. Alikaa kando ya mkewe, akafunga kifundo chake cha mkono na cha mkewe kwa utepe wa kupimia nguo.

"Unanifunga kama mbuzi, baba watoto?" mkewe alitania.

"Leo nivumilie."

Saa kumi. Cherehani ikanyamaza.

"Nakuja," mkewe akasema. Hakumtazama. Alisimama kwa nguvu ambazo Fundi hakuzijua, akamburuta hatua moja, ya pili, ya tatu. Utepe ukakata ngozi. Fundi akamkumbatia kiunoni, akapiga kelele kuuelekea mlango:

"Kama ni lazima uite mtu, niite mimi!"

Mkewe akalegea. Mkono wake ukaanza kupata joto. Akalia kama mtoto, kichwa kwenye bega la mumewe.

"Ameniacha," alisema.

Fundi alifungua utepe upande wake, akaenda kabatini. Santuri yote ilikuwa ya kijivu, mpaka katikati. Hakukubaki hata upana wa uzi. Imeisha! Alicheka huku machozi yakimtoka, akaigeuza.

Upande wa pili hawakuwahi kuupiga. Aliuona kwa macho yake siku ya kwanza, unang'aa wote. Sasa pembeni kabisa palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye pazia, utepe ukining'inia mkononi.

"Mbona huitiki?" alimuuliza polepole. "Husikii anavyokuita?"