Mpangaji wa Pafu la Kulia

Upande wa kulia wa kifua cha Ngassa ulipaswa kuwa kimya. Ndivyo Muuguzi Generoza alivyofundishwa, na ndivyo alivyoshuhudia kwa miaka kumi na tisa ya kazi: pafu likisinyaa na hewa ikalizunguka kwa nje, kifaa cha kusikilizia hakileti kitu masikioni. Lakini Jumanne ile, tarehe 14 Januari 2025, saa nane na dakika kumi mchana, katika wodi ya wanaume ya hospitali moja mjini Bariadi, alisikia mtu akipumua mle ndani. Ngassa alikuwa akihema mara thelathini na nne kwa dakika. Yule wa ndani, mara sita.

Akahamishia kifaa kushoto. Pumzi ya mgonjwa, ya haraka. Akakirudisha kulia. Ile nyingine ilikatika ghafla, kama mtu aliyetambua kwamba anasikilizwa.

"Umesikia nini, Sista?" aliuliza Kwandu, mama yake Ngassa, mkulima wa pamba kutoka Zagayu.

"Pafu limesinyaa, mayu. Daktari ataweka mrija."

"Sikuuliza dawa. Nimeuliza umesikia nini."

Generoza alijifanya anaandika.

Siku tatu nyuma, tarehe 11, Ngassa alikimbia mvua shambani akajilaza katika ghala la pamba lililokuwa tupu tangu msimu uliopita. Aliamka na kichomi kikali, akamwambia mama yake neno moja tu: kwamba mle ghalani mlikuwa na mwenyewe.

Daktari Athanasi hakuwa na habari ya ghala. "Warefu wembamba kama wewe, pafu hutoboka lenyewe kama tyubu ya baiskeli," alitania, huku akipenyeza mrija kati ya mbavu za kijana. Ncha ya pili ilizamishwa katika chupa ya maji iliyowekwa sakafuni. Mapovu yakaanza kububujika, na pamoja nayo ikatoka harufu ya magunia yaliyooza gizani.

"Nani amevua viatu?" daktari aliuliza. Akaitwa chumba cha upasuaji, akaondoka.

Generoza alimkalisha mgonjwa wima, akamgeukia mama. "Chupa ikae hapo hapo chini, isiinuliwe. Mrija usikunjwe wala usifungwe. Hewa inatoka humu, na maji yanaizuia isirudi."

"Na kisicho hewa, maji yanakizuia?"

"Mayu, tafadhali."

Mtu wa kitanda cha tano alihitaji kubadilishiwa dripu. Generoza akamwendea. Hapo ndipo Ngassa aliposinzia na mapovu yakatulia, naye Kwandu akaamini kwamba mgeni ameshatoka. Katika ukoo wake, kilichofukuzwa kikitoka, mlango hufungwa kwa uzi mweusi wa pamba kabla hakijageuka nyuma. Mlango aliouona ulikuwa ule mrija. Akauzungushia uzi mara saba chini ya shuka, akakaza kwa meno.

Saa tisa na dakika tano kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kilichokuwa kikisoma tisini na mbili, kilianza kulia. Generoza alipogeuka kilisoma themanini na moja. Alipofika kitandani, sabini na nne.

Midomo ya Ngassa ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, mishipa ya shingo imetuna kama kamba, koo limesukumwa kushoto, upande wa kulia wa kifua umeinuka na haushuki, na ile harufu ya magunia ilikuwa nzito kiasi kwamba wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifunika nyuso. Na katikati ya hayo yote, wakati midomo ya kijana imefumbwa na macho yake yanamwomba mama yake msaada bila sauti, sauti ya mtu mzima, tulivu, ilitoka kifuani mwake ikashukuru kwa Kisukuma:

"Wabeja, mayu. Umefunga vizuri."



Generoza akatazama chupa. Maji ndani ya mrija hayakupanda wala kushuka. Akafunua shuka, akauona uzi.

"Joyness! Mwite daktari, mbio!" alimpigia kelele mwenzake, akachomoa mkasi mfukoni.

Kwandu akamshika mkono. "Ukikata litarudi!"

"Halijatoka, mayu," Generoza alinong'ona. "Umelifungia ndani pamoja na mwanao."

Mkono ukaachia. Mkasi ukapita.

Maji ya chupa yaliruka hadi kwenye kizibo, yakachemka bila moto, na kitu kisichoonekana kikapita kati ya wanawake wale wawili, baridi, kirefu, kisichokwisha upesi, kikaelekea dirishani na kulipeperusha pazia nje ingawa upepo haukuwapo. Kisha kifua cha Ngassa kikashuka. Kikapanda. Pande zote mbili. Themanini. Themanini na nane. Tisini na tatu.

"Mayu," alisema Ngassa, kwa sauti yake mwenyewe.

Kwandu alimkumbatia miguu akilia. Lakini Generoza alikuwa akitazama nje. Barazani, chini ya dirisha, watu saba walikaa kwenye benchi wakingoja saa ya kuona wagonjwa. Wa kwanza alishika kifua, akashangaa, akaachia. Wa pili akashika, akaachia. Wa tatu. Wa nne. Ilikuwa kama mtu anapita mbele yao akibisha hodi mlango kwa mlango. Wa tano. Wa sita.

Wa saba alikuwa Machibya, jirani aliyewaleta kwa pikipiki kutoka Zagayu, mrefu na mwembamba. Alishika upande wake wa kulia, na mkono haukushuka.

"Sista," aliita, akijaribu kucheka, "mbona hapa pananibana?"

Generoza alifungua kabati, akatoa chupa mpya, akaanza kuijaza maji.