Nani Anaoa, Nani Anaolewa

Mtu akishakaa Ulaya miaka michache hushikwa na ugonjwa mmoja: hudhani Kiswahili ni chumba chake cha kulala. Anajifungia humo na kusema lolote, mbele ya yeyote, kwa sauti ya juu. Shekinah alikuwa mgonjwa mahututi wa ugonjwa huo. Jioni ile ya Septemba, Gare du Nord, kituo cha treni cha Brussels, imefurika watu wa maofisini wanaokimbilia treni zao, yeye alisimama kwenye ngazi za umeme, simu sikioni, akimsimulia mama yake aliyeko Marekani kila anachokiona.

"Eh, mama, ungeona huyu mwanamuke yuko mbele yangu! Amevaa viatu vya manjano, manjano kabisa, sawa kiini cha yai. Na koti ya kijani! Lakini mama, ni muzuri, Mungu wangu. Shingo yake tu..."

Mwenye viatu vya manjano alifika juu, akasogea pembeni, akageuka.

"Shingo yake iko na nini?" aliuliza kwa Kiswahili safi cha Lubumbashi. "Maliza basi. Minasikiliza."

Shekinah alitamani ngazi zimmeze. "Mama, nitakupigia," alisema, akakata simu. "Pardon, dada. Nilizani..."

"Ulizani hapa ni bazungu tu banakusikia. Kyo! Na uko wa Bukavu, minasikia vile unavuta maneno."

"Nilizaliwa Bukavu. Nimekomalia North Carolina."

"Donc, Bukavu ya Amerika." Mwadi, ndilo lilikuwa jina lake, alimtazama kuanzia nywele fupi zilizokatwa vizuri hadi sketi ya kazini, akachukua muda wake. "Bon. Habari ya shingo, utaimaliza ku café ao utaimaliza ku téléphone?"

Ikamalizwa kwenye mkahawa. Ikamalizwa tena kesho yake, na keshokutwa. Mwadi alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huko Evere. Shekinah alikuwa akifundisha Kiingereza kwa makarani wa maghorofa ya karibu na kituo. Kila mmoja alipopata nafasi ya kupumua, simu ililia.

"Chérie, umekula?"

"Sijakula, nakuwaza."

"Muwongo wewe! Minasikia unatafuna."

"Natafuna nakuwaza."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia Krismasi Shekinah alikuwa amehamishia masanduku yake Saint-Gilles, kwenye ghorofa aliyopanga Mwadi katika jumba la zamani, lenye madirisha marefu na ngazi za mbao zinazolalamika kila ukikanyaga. Jirani wa chini aliwasalimu kwa majina yao yote mawili. Muuza mboga pale kona, akiongea na Shekinah, alimwita Mwadi "madame wako." Mji mzima ulijua. Hakujua mtu mmoja tu, naye ndiye aliyetakiwa kujua kabla ya wote.

Maman Émérance, mama yake Shekinah, alikuwa mjane. Alitoka Bukavu na binti yake huyo mmoja mgongoni, wakaishi ukimbizini, wakapelekwa Marekani, na huko akafagia hoteli za watu mpaka mtoto akasoma. Alikuwa mtu wa kanisa, kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani. Kwake yeye Mwadi alikuwa "yule rafiki unakaa naye." Na kila alipopiga simu hakukosa kumtaja Bienaimé, mtoto wa pasta, kijana mpole, ana kazi, ana gari, anauliza habari zako.

Hapa Ubelgiji wanawake wawili wakipendana wanakwenda kwenye commune, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, kiongozi anavaa mkanda wake wa rangi tatu, anawafungisha ndoa, anawapa mkono. Mwadi alilijua hilo na tangu Februari alikuwa akilisema waziwazi. Shekinah alitaka, Mungu ni shahidi. Ila kila akifungua mdomo kumwambia mama yake, mdomo ulijaa maji.

Halafu ikaja ile kura. Mwaka huo wa 2012, mwezi wa tano, jimbo la North Carolina liliwaita raia wake waamue kama katiba ya jimbo iandikwe kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, basi, nyingine yoyote haitambuliwi. Na sheria ya jimbo ilikuwa imeshakataza tayari! Mimi hapo ndipo damu inaponichemka. Mlango umefungwa kwa ufunguo, watu hawajaridhika, wanatafuta na misumari. Shekinah alituma kura yake ya hapana kwa posta, huku akijua kuwa jimbo lile ndiko kwao, ndiko mama yake anakozeekea, na ndiko siku moja atakapohitaji kurudi na mke wake.

"Mama yako atapiga kura?" Mwadi aliuliza.

"Atapiga. Tangu apate uraia hakosi kura hata moja."

"Atapiga juu yangu na hanijue." Mwadi aliweka kijiko chini. "Umwambie mbele hajapiga kura, Shekinah. Aseme ndiyo, aseme hapana, lakini ajue ni nani."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, mon cœur. Usinisukume."

Shekinah akampigia simu mama yake kweli. Wakaongea habari za mvua, za goti la Maman Émérance, za bei ya nyama. Mwishoni Shekinah akajikaza: "Mama, na ile kura ya mwezi wa tano?"

"Ile? Pasta amekwisha kutuelezea. Ile ni mambo ya bazungu, mutoto wangu. Usijisumbue nayo."

Na Shekinah, mwanamke mzima anayefundisha watu kusema, akanyamaza.

Jumatano asubuhi matokeo yalikuwa yamefika Brussels. Ndiyo ilishinda, tena kwa mbali. Shekinah alikaa jikoni na gauni la kulalia, kompyuta mbele yake, akilia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka.

"Wameenda kupanga mstari! Wamevaa nguo za kwenda mjini, wamepanga mstari ili waamue kama mimi ni mtu! Na mama yangu alikuwa humo, Mwadi, mama yangu mwenyewe!"

Hapo mtu mwenye akili angemkumbatia mwenzake na kunyamaza. Lakini Mwadi naye alikuwa na donda lake, na donda likajibu. "Ungemwambia," alisema.

"Unanilaumu mimi? Leo?"

"Sikulaumu. Minasema tu, ungemwambia. Ulinificha sawa vile muntu anaficha mwizi."

Akavaa koti, akaenda kazini. Siku nzima aliwaosha wazee, akawalisha, na moyo ukamsuta. Jioni alipitia kununua mkate na samaki wa kuchoma ambaye Shekinah anampenda, akapanda zile ngazi taratibu akitunga maneno ya kuomba radhi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akasikia sauti ya mpenzi wake kwenye simu.

"Ndiyo, mama. Naolewa. Hapana, sichezi. Naolewa, na ni mwaka huu."

Mwadi alisimama palepale na samaki wake. Nanyi mnakijua Kiswahili chetu: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwanamke akisema "naolewa," basi kuna bwana mahali fulani anayenyoa ndevu na kushonesha suti. Na bwana mwenyewe Mwadi alimjua kwa jina. Kumbe kura imemvunja nguvu, aliwaza, ameamua kumpa mama yake Bienaimé ili mambo yaishe. Aliuweka ule mfuko mlangoni, akashuka kwa ncha za viatu, akapanda basi la kurudi Evere, akalala kwa Pétronille, mfanyakazi mwenzake. Simu akaizima. Angengoja sentensi moja zaidi, moja tu! Lakini mwenye wivu hana subira, na mimi simlaumu, maana hata mimi ningekimbia.

Shekinah alipiga simu mpaka kidole kikauma. Alipoona mfuko mlangoni alielewa kuwa Mwadi alifika, lakini hakuelewa kwa nini aliondoka. Ijumaa hakungoja tena. Zamu ya mchana ilipotoka, Mwadi alimkuta kituo cha basi mbele ya nyumba ya wazee: gauni jekundu, macho yamevimba, nywele hazijaguswa.

"Félicitations, hongera," Mwadi alisema, mikono kifuani. "Bienaimé iko bien?"

"Bienaimé gani?"

"Ule mwenye gari. Ule wa kukuoa."

"Mwadi, una homa?"

"Nilisikia kwa masikio yangu, ku mulango! Ulimwambia mama yako naolewa. Mara mbili!"

Shekinah akapiga kelele mpaka mama mmoja wa Kibelgiji akavuta mbwa wake karibu. "Na ulitaka niseme nini? Niseme naoa? Mama angeniuliza kama nimeota ndevu! Naolewa na wewe, mujinga! Na wewe!"

Basi likaja, likafungua milango. Dereva akawatazama, akaona mambo haya hayamhusu, akaondoka.

"Na miye?" Mwadi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na weye nini?"

"Kama weye unaolewa na miye, donc miye minaoa?"

"Sijue! Weye unataka kuoa?"

"Hapana. Na miye minataka kuolewa."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Mwadi, kile kicheko chake cha Katanga kinachoanzia tumboni, na Shekinah akacheka huku analia, wakashikana pale kituoni wasianguke.

"Iko neno," Shekinah alisema akifuta macho kwa mkono wa gauni. "Kuoana. Hakuna wa juu, hakuna wa chini. Mwadi wangu, tuoane?"

"Hapa? Ku arrêt ya bus? Na nguo za kazi zinanukia sabuni?"

"Hapa."

"Bon," alisema Mwadi. "Tuoane." Halafu akamshika mashavu. "Na mama? Alisema nini?"

"Aliuliza, na nani? Nikamwambia, na Mwadi. Akakata. Tangu siku ile hashike simu yangu."

Furaha yao ikawa na upande mmoja wenye baridi. Shekinah alipiga Jumamosi asubuhi, akapiga mchana, akapiga jioni. Unaweza kuikasirikia katiba ya jimbo zima, ukaitukana hadi ukachoka, lakini mama asiposhika simu utamtukana nani?

Jumapili mchana Mwadi alikuwa anakoroga sombe, kisamvu cha kwao, Shekinah anachambua mchele, simu ikalia yenyewe. Shekinah aliiweka mezani, akafungua sauti.

"Mama."

"Ile kura, nilipiga," Maman Émérance alisema bila salamu.

"Najua, mama."

"Nilipiga ndiyo. Nilirudi ku nyumba naimba." Wakamsikia anavuta pumzi. "Hakuna mutu aliniambia ni weye."

Shekinah aliinamia mchele. "Ni mimi sikukuambia."

"Ni weye. Na miye sikuuliza. Mutoto wangu anakaa na mutu tangu Krismasi, anamutaja kila siku, na siulize." Alikohoa. "Kura hairudi. Na siko nakuambia nimefurahi, usinielewe mubaya. Sijafurahi. Ku kanisa leo sikuenda, sikujua nitakaa na uso gani."

"Ndiyo, mama."

"Lakini kuna kitu inaniuma kupita ile." Sauti ilipanda, na sasa ilikuwa sauti ya mwanamke aliyeudhiwa kweli. "Nikubebe ku mugongo, nikukomeze mpaka ukuwe mukubwa, halafu unaniambia ku téléphone naolewa, sawa mutu hana famille! Nani alikuja kwangu kukuomba? Nani aligonga ku mulango yangu? Hata jina ya baba yake siijue!"

Shekinah alimtazama Mwadi. Mwadi alizima moto. Akafuta mikono, akavua aproni, akachukua kitenge kilichokuwa juu ya kiti, akajifunga kiunoni vizuri, ingawa aliyekuwa akimsikiliza alikuwa ng'ambo ya bahari na hakuweza kumwona. Akapiga magoti mbele ya meza.

"Maman, shikamoo. Ni miye Mwadi. Minaomba pardon, nimechelewa. Nimekuja kuomba."

Shekinah alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kama mama yake angekata mara hii, asingepiga tena. Alilijua hilo, na Mwadi alilijua.

Halafu sauti ikaja, ngumu, nzito, ile ambayo wajomba huitumia siku ya posa, wageni wanapokaa sebuleni na mtoto wa nyumba amefichwa chumbani.

"Uko mutoto ya nani?"

"Miye ni mutoto ya Kabamba Tharcisse, wa Katuba, Lubumbashi, alikuwa mwalimu. Mama yangu ni Ngalula. Babu yangu..."

"Sema polepole," alisema Maman Émérance. "Anzia kwa babu."